Kila Nilichokula Nilikiandika

Jumamosi iliyopita nilimkabidhi Amina ufunguo wa kabati la sumu. Nilimwambia alifunge, nikavuta mlango wake kuona kama limefungika, nikatoka nje, nikarudi, nikavuta tena. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Nina umri wa miaka thelathini na mmoja. Wanabaraza wa Kuze, mtaani kwetu, hawajaacha kunitania tangu siku hiyo. "Ewe mstaafu, mbona huna mvi?" Nawajibu kwamba mvi zangu zimeotea mikononi, maana mikono yangu ina mabaka meupe ya mbalanga kutoka vidoleni hadi viwikoni.

Nawaandikia nyinyi wawili, Amina na Omari, mnaobaki dukani. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yangu, ndiyo maana karatasi zimekuwa nyingi. Msidhani nina mengi ya kusema. Sitaeleza nilipandishwa lini wala nilikuwa nikipata nini. Nitaeleza nilivyoianza kazi, vyombo tulivyotumia, Mzee Athmani aliyenifundisha, na kosa moja nililolifanya kwa mikono yangu miwili, kwa uangalifu mkubwa, muda wa miezi minane. Mwajua mimi hukagua kila kitu mara tatu. Kwa hiyo nataka mjue lile kosa lilipita wapi.

Niliingia duka letu la dawa pale Mwembe Tayari miaka miwili kabla ya Uhuru. Shule niliiacha darasa la sita. Ugonjwa wa sukari ulinishika nikiwa na miaka kumi na tano, na ndio ulionisomesha: nilisoma karatasi za Kiingereza zinazokuja ndani ya maboksi ya insulini, nikiwa na kamusi gotini, neno baada ya neno, mpaka nikaziweza. Baadaye nilipata kitabu cha madawa kisichokuwa na jalada wala kurasa kumi za mwanzo. Nilikisoma mara nne. Mpaka leo sijui kile kitabu kinaitwaje, na hilo hunikera kila nikilikumbuka.

Mzee Athmani alikuwa mchanganya dawa wa duka. Kazi alijifunza hospitalini mwanzoni mwa vita vya pili vya dunia, na alikuwa mtu mfupi mwenye kofia safi daima na miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alinitazama juu ya miwani hiyo.

"Wajua kupima?"

"Najua, Mzee. Nimejidunga sindano miaka minane, kila asubuhi. Sijakosea hata siku moja."

"Hujakosea," aliuliza, "au hujajua kama umekosea?"

Nilirudi nyumbani nikalifikiria swali lile chakula cha mchana kizima, nikasahau kula, nikatetemeka kwa kupungukiwa sukari. Mama alinilisha kijiko cha asali huku akiuliza ni mwajiri gani huyu anayemtoa mtu jasho kabla hajamwajiri.

Mwezi wa kwanza sikugusa dawa. Nilifundishwa kushika chupa. Mwaijua kanuni hii, lakini mjue ilikotoka: kibandiko hukaa upande wa kiganja, ili dawa ikichuruzika isifute maandishi. Jina la dawa husomwa mara tatu, unapoichukua rafuni, unapoimimina, na unapoirudisha. Mizani ilikaa ndani ya kisanduku cha kioo kwa sababu pumzi ya mtu inatosha kuisogeza, na Mzee Athmani alikuwa akiifagia kwa unyoya wa kuku mweupe. Nilimuuliza kwa nini mweupe. "Ili nione uchafu," akasema, na kunitazama kana kwamba ameanza kuingiwa na shaka juu yangu.

Jambo la pili aliloniachia ni manda. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia.

Zamani dawa za poda zilizo chungu, kama kwinini, zilimezwa ndani ya vikaratasi vyembamba vya unga vilivyotoka ng'ambo ndani ya mikebe. Unyevu wa Mombasa ulikuwa ukivigandisha vyote vikawa donge moja. Wakati wa vita meli zilipochelewa, Mzee Athmani alitazama sambusa aliyokuwa akiila akapata wazo. Akanunua manda, zile chapati nyembamba kama karatasi zinazofungiwa sambusa, akakata vipande vya mraba, akavilowesha, akafungia poda ndani. Mgonjwa humeza kwa fundo la maji asisikie uchungu. Wateja walipenda, na duka likawa na manda kwenye bati lake rafuni, katikati ya pamba na vizibo.

Sasa, Mama yangu, Bi Rahma, alikuwa mpika manda. Kwa miaka ishirini Mji wa Kale mzima ulikuwa ukimwagizia, hasa Ramadhani. Nilipoanza kazi nilimwomba atupikie manda maalumu za dawa. Nilitaka ziwe nyembamba kiasi cha kuweza kusoma gazeti kupitia kwazo. Alinirushia kofi la hewani, kisha akazipika. Tulijaribu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili nilisoma bei ya sukari kupitia kwake, nikaipeleka dukani kama mtu anayepeleka posa.

Mwaka wa pili mbalanga ilianza vidoleni. Siku moja bibi mmoja alikataa kupokea chupa mkononi mwangu.

"Weka hapo juu ya meza, mwanangu. Nitaiokota mwenyewe."

Mzee Athmani akatoka nyuma ya kabati. "Bibi, mimi nala na kijana huyu sahani moja, mwaka wa pili huu. Waniona nina nini?"

Yule bibi alimkagua kutoka kofiani hadi viatuni. "Wakonda," akasema, akaokota chupa yake akaenda zake.

Tulicheka wiki nzima. Lakini nikianza kazi asubuhi nilikuwa navuta mikono ya shati mpaka kwenye vifundo vya vidole, na sikuiacha tabia hiyo ila miaka mitatu baadaye. Nawaambia hili kwa sababu mgonjwa akikutazama vibaya, tatizo la pili huwa ni vile unavyojitazama wewe.

Mwaka uliofuata tumbo langu liliharibika. Nitaeleza wazi, kwa kuwa dukani hatuna haya. Nilikuwa nikihara mara tano au sita kwa siku, choo cheupe chenye mafuta, kinachoelea. Tumbo lilijaa kama ngoma na mbavu zikahesabika. Damu ilipungua mpaka kucha zikawa nyeupe. Kibaya zaidi, sukari ilikuwa ikishuka bila taratibu. Mtu wa insulini hudunga kulingana na chakula atakachokula. Chakula kikipita tumboni bila kufyonzwa, insulini hubaki peke yake mwilini, nayo hukuangusha. Nilikuwa nikitembea na vipande vya sukari mfukoni, na mchwa walikuwa wakinijua.

Nilikwenda kwa daktari kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni na kufungua chumba chake Tononoka. Alinitazama mikono, akanibonyeza tumbo, akaniuliza nikiamka nala nini.

"Mahamri mawili na mbaazi."

"Mchana?"

"Wali. Au chapati."

"Jioni?"

"Mkate wa boflo. Sambusa zikiwepo."

Aliandika, kisha akaweka kalamu chini. "Acha ngano. Na shayiri."

"Kwa muda gani, daktari?"

"Maisha yako yote."

Alinieleza kwamba kuna watu ambao utumbo wao ukikutana na ngano hujishambulia wenyewe, kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba. Alidhani, naye alisisitiza kuwa anadhani tu, kwamba sukari yangu na mbalanga yangu huenda ni walinzi wa aina hiyohiyo, wamesimama milango mingine. Nilitoka pale nimeridhika kwa namna ya ajabu. Kumbe sikuwa na magonjwa matatu yasiyojuana. Nilikuwa na ugomvi mmoja ndani ya nyumba moja.

Kuishi nao ni jambo jingine. Ngano ilipoondoka nilibaki na wali, muhogo, vitumbua, mkate wa mofa wa mtama, na mkate wa kumimina wa mchele. Vingi katika hivyo sukari yangu haivitaki, au inavitaka kwa kipimo. Kwa hiyo nilikuwa nakula kwa mizani, mithili ya mtu anayejiuzia dhahabu mwenyewe. Harusini ilikuwa shida zaidi. Ukiwaambia watu una sukari, wanakuelewa, kila nyumba ina mtu wake. Ukiwaambia huli ngano, wanadhani wajidai. Kwenye sinia utasikia, "Onja tu, kidogo hakidhuru." Niliacha kwenda. Wakasema naringa.

Siku ile niliyorudi kutoka Tononoka Mama alimwaga unga wote wa ngano, akasugua masufuria kwa jivu, na akampelekea jirani yetu Bi Zuhura kibao chake cha kusukumia, kifimbo chake na chuma chake cha kuchomea manda. Miaka ishirini ya kazi yake ilitoka mlangoni ndani ya kapu moja. Nilipomwambia si lazima, alisema unga hupepea, nao ukipepea hujui ulipotua.

Dukani Mzee Athmani aliuliza, "Basi sasa manda za dawa tutapata wapi?"

"Kwa Bi Zuhura," nilimjibu. Nami mwenyewe ndiye niliyekwenda kuagiza.

Mwezi wa kwanza bila ngano nilipona. Sitii chumvi. Tumbo lilitulia, nikalala, nikaongezeka ratili nne. Daktari alifurahi, lakini mifupa ilikuwa ikiniuma na damu bado ilikuwa chache, basi akaniandikia poda mbili, ya kalsiamu na ya madini ya chuma, mara tatu kwa siku. Nilizitengeneza mwenyewe. Nilipima kila moja, nikazifungia kwenye manda, nikakunja kona zake sawasawa. Sita kwa siku. Zilikuwa poda zilizofungwa vizuri kuliko zote zilizopata kutoka duka lile.

Wewe unayesoma umeshaona. Mimi sikuona.

Nilikuwa na daftari la safu nne: saa, chakula, rangi ya mkojo, na choo. Rangi nilikuwa naipata kwa kuchemsha matone manane ya mkojo ndani ya dawa ya buluu, juu ya taa ya spiriti; ikibaki buluu hakuna sukari, ikiwa kijani ipo kidogo, ikiwa nyekundu ya tofali umeharibikiwa. Kila nilichokula nilikiandika, hata kokwa ya tende. Lakini dawa nilikuwa naziandika kwenye kitabu cha duka, kwa kuwa dawa si chakula. Vitabu viwili, kila kimoja hakina kosa hata moja. Wala sikuwahi kuviweka juu ya meza moja.

Tumbo liliharibika tena, taratibu, kisha kwa kasi. Zile ratili nne zikaondoka na kuchukua nyingine saba. Daktari alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa. "Kuna ngano inaingia," akasema. "Itafute. Ukiendelea hivi huwezi kufanya kazi, na mimi sitakuwa na la kukufanyia."

Nikaitafuta. Nilimwacha muuza mofa, nikimshuku kuwa anachanganya unga. Nikaacha mchuzi wa watu. Nikaacha bizari za dukani, nikawa nasaga zangu. Kila mlango nilioufunga, tumbo halikusikia. Mwishowe ulibaki mlango mmoja, na huo ulikuwa jiko la Mama.

Ilikuwa baada ya alasiri. Alikuwa anachambua mchele uani. Niliingia jikoni nikanusa sufuria moja moja, nikapitisha kidole kwenye vifuniko. Aliponiona hakuuliza natafuta nini.

"Mama, kuna kitu watia."

"Natia chumvi."

"Wajua nisemalo. Labda wapika kwa watu wengine nikiwa kazini. Labda mikono yako…"

"Mikono yangu ina nini, Swaleh?"

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nilikwenda ndani nikatoa msahafu, nikauweka juu ya mkeka mbele yake. Mwanamke aliyenisomesha juzuu ya kwanza kwa kidole chake. Aliinuka, akatawadha, akarudi, akaweka mkono, akaapa kwamba tangu ile siku hakugusa ngano ndani ya nyumba wala nje.

Nikafungua daftari nikaandika.

"Umeandika nini?" aliuliza. Yeye husoma herufi za Kiarabu, zangu hazijui.

"Kwamba umeapa."

"Na hicho kidudu cha mwisho, chenye mkia?"

Sikuweza kumdanganya, kwa kuwa nisingeweza kukubali kuandika jambo na kusema jingine. "Ni alama ya kuuliza."

Alikusanya mchele wake ndani ya ungo. "Basi kapike mwenyewe," akasema. "Ili usiwe na wa kumuuliza."

Nikapika mwenyewe wiki sita. Sufuria yangu, mwiko wangu, mchele niliouchambua mimi. Mama alikuwa akila upande wake, nami upande wangu, na baina yetu ua la hatua tano. Sikupona. Ushahidi kwamba Mama hana kosa ulikuwa ndani ya sahani yangu mara tatu kwa siku, nami sikuusoma. Nilijiambia labda madhara ya mwanzo hayajaisha. Mtu anayejivunia kutokosea huwa na akili nyingi sana za kujitetea.

Nilianguka dukani adhuhuri moja, mbele ya mizani. Kitu cha mwisho nilichokifikiria ni kwamba sijafunga mlango wa kile kisanduku cha kioo. Mzee Athmani alinitia sukari mdomoni, na mteja mmoja wa Kuze akapeleka habari nyumbani. Nilipofumbua macho Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, buibui lake limejaa vumbi la njia nzima, ana chupa ya maji ya sukari mapajani. Miaka yote ile hakuwahi kuingia nyuma ya kaunta yetu.

"Ulikuwa wazinduka na kupotea tena," Mzee Athmani aliniambia. "Sasa umezinduka. Kunywa."

Nikanywa. Nilipopata nguvu za kukaa, saa ya dawa ya mchana ilikuwa imepita kwa robo saa, na mimi sipitishi saa ya dawa. Nikafungua bati, nikatoa manda mbili, nikazilowesha kwa ncha ya kidole, nikaweka poda, nikakunja kona nne. Nikameza ya kwanza. Nilipoinua ya pili Mama alisema, "Ngoja."

"Nini, Mama?"

"Nipe hiyo."

Aliifungua, akakung'uta poda kwenye kisahani, akaikamata ile manda kwa vidole viwili na kuielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Kisha akavunja pembe yake, akaitia mdomoni, akatafuna polepole.

"Ya Zuhura hii," akasema. "Kati haikuiva. Na unga wa kunyunyizia ameujaza kama apakaye ukuta chokaa."

Mzee Athmani akacheka. "Bi Rahma, tangu uache wewe twavumilia tu."

Mama hakucheka. Alinigeukia. "Wameza ngapi kwa siku?"

"Sita."

"Tangu lini?"

"Tangu daktari aliponiandikia poda. Miezi minane."

Alikiweka kile kipande kilichobaki juu ya kaunta, mbali na mimi. "Ngano hii, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya msiba.

Mzee Athmani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akaivua tena. Nami nilifanya jambo ninaloona haya kuliandika: nilihesabu. Sita kwa siku, siku mia mbili na arubaini. Nilipata elfu moja mia nne na arubaini kabla sijaanza kulia.

"Manda niliileta mimi dukani," alisema Mzee Athmani. "Kosa langu."

"Niliyezifunga ni mimi," nikasema. "Niliyeagiza kwa Zuhura ni mimi."

"Na miaka yote hiyo niliyezipika ni mimi," alisema Mama. "Mwataka tuligawane hilo kosa mafungu matatu, kama nyama ya Idi? Mwache kijana anyanyuke."

Alitangulia njiani, nami nyuma yake, mpaka Kuze. Nyumbani nilitoa daftari nikatafuta ule ukurasa. Nilitaka kuupasua.

"Usiupasue," akasema.

"Basi nikifute kile kidudu."

"Kiache. Nataka kila ukifungua ukione." Akaingia jikoni. Nikasimama mlangoni, na bila kugeuka akaniuliza, "Waja kunusa?"

"La, Mama. Naja kukuomba radhi."

"Radhi zangu unazo tangu siku niliyokuzaa, hizo haziombwi. Nilichokitaka ni uniamini."

"Nitakuamini."

"Usiniambie," akasema, akamimina mchele. "Nitaliona mwenyewe."

Nilianza kumeza poda zangu kwenye maji, chungu vilevile. Wiki ya tatu tumbo lilitulia. Mwezi wa pili nilihitaji insulini zaidi, jambo ambalo hunitisha siku zote, lakini mara hii lilikuwa habari njema: chakula kilikuwa kinabaki mwilini. Daktari alitoa kitabu chake akaandika neno *manda* kwa herufi za kuchapisha, akanitaka nimwelekeze inavyopikwa.

Tulikagua rafu zote, mimi na Mzee Athmani. Tuliandika barua kwa watengenezaji kuuliza vidonge vyao wamevifungia kwa wanga gani, wa mahindi, wa viazi au wa ngano. Wachache walijibu. Wasiojibu tuliwawekea kibandiko chekundu, na ndio maana yake hivyo vibandiko ambavyo Omari huniuliza kila mwaka. Tangu hapo nimemuuliza kila mgonjwa wa tumbo na wa sukari: unakula nini, na unameza nini? Yaandikeni yote mawili ukurasa mmoja. Sina ushauri mwingine mkubwa kuliko huo.

Mama alikataa kushindwa na manda. Alijaribu unga wa mchele, ukapasuka. Alijaribu mara nyingi kuliko zile kumi na mbili, nami safari hii nilikuwa mchochea moto. Mwisho alichukua wanga wa muhogo, akaukoroga mwepesi kama maji ya tui la pili, akaupitisha juu ya chuma cha moto kwa kitambaa. Ulitoka utando mwororo, unaong'aa, unaoyeyuka ulimini. Chuma chenyewe alikwenda kukidai kwa Bi Zuhura, wakakosana siku tatu, kisha akakisugua kwa jivu. Zile karatasi zilizo kwenye bati sasa ndizo hizo. Mzee Athmani alizitumia mpaka alipofariki, na alikuwa akiwaambia wateja kuwa zimetoka ng'ambo, kwa kuwa Kuze iko ng'ambo ya barabara.

Macho yalianza mwaka jana. Kwanza nyuzi nyeusi zinazoelea, kisha mistari ya sindano ikawa inaungana, miwili ikawa mmoja. Ni sukari hiyo. Ilinionya mapema na sasa imekuja kuchukua. Mwezi uliopita niliweka jiwe moja la mizani mahali pa jingine. Nililigundua kwenye ukaguzi wa tatu. Wa kwanza na wa pili nilikuwa nimeona sawa. Siku hiyohiyo nilimwambia mwenye duka natoka, kwa sababu siku itafika ambapo na wa tatu utaona sawa.

Nyumbani kazi ya sindano imemwendea Mama. Vidole vyake havitetemeki, na macho yaliyozoea kutazama manda kwenye mwanga yanaona mstari mmoja mmoja. Nilimfundisha kuichemsha, kutoa hewa, kuvuta mpaka kipimo. Kila asubuhi aliinua sindano mbele ya dirisha na kusema, "Tazama." Nami nilitazama kwa kioo cha kukuzia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakulalamika hata mara moja. Alikuwa anangoja nimalize, amesimama, mkono juu.

Asubuhi ya leo aliinua tena. "Tazama."

Kioo kilikuwa mezani karibu na mkono wangu. Nilikunja shati, nikageuza uso upande wa ua.

"Hutazami?"

"Dunga, Mama."

Aliushusha mkono wake, akadunga. Nilivuta daftari, nikatafuta safu ya tano, ya dawa, kwa kidole.

"Ngapi?"

"Ishirini na nane," akasema.

Nikaandika ishirini na nane.